Wazigua, theluji na kodi ya nyumba

Jana jioni pale kijiweni kwetu Chang'ombe mjadala ulikuwa moto. Mshikaji wetu mmoja amepata nafasi ya kwenda Marekani, na ana ndugu katika miji miwili. Mmoja una joto kama Bongo ila kodi ya nyumba haishikiki. Mwingine kodi ni nafuu, lakini theluji inakaa miezi. Aende wapi?

Wengi walisema Mwafrika hakuumbiwa barafu, aende kwenye joto. Mimi nikawauliza: mnawajua Wazigua wa Maine?

Ndiyo, Wazigua hawa hawa wa Handeni. Twende taratibu.

Miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Uzigua. Wengi waliuzwa utumwani, na masimulizi yao yanasema wengine walilaghaiwa kwa ahadi ya kazi na chakula, wakapandishwa vyombo hadi pwani ya Somalia. Baadaye kundi moja likatoroka, likiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, kwa nia ya kurudi nyumbani. Waliishia bonde la mto Juba. Wakalima, wakazaana, na Kizigua hawakukiacha. Ila nchini Somalia walibaki watu wa kudharauliwa.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, wanamgambo walivamia mashamba na akiba zao za chakula. Baadhi walikuja Tanzania, na baadaye wakapewa ardhi kule Chogo, Handeni, karibu kabisa na walikotoka mababu zao. Wengi zaidi, pamoja na majirani zao wenye asili ya Wayao na Wamakua, walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea, kwa jina la Wabantu wa Somalia. Kuanzia 2003 walipelekwa wapatao 12,000, wakatawanywa miji mbalimbali. Nani aende mji gani? Yaliamua mashirika.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Mkimbizi akishafika Marekani hafungwi mguu, anaweza kuhama. Na wengi wao walihama kwenda Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa, ambako wastani wa Januari uko nyuzi kadhaa chini ya sifuri!

Kwa nini? Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Viwanda vilipokufa watu wakaondoka: mwaka 1990 ulikuwa na wakazi 39,757, mwaka 2000 wakabaki 35,690. Nyumba zilikuwa tupu, kodi ikawa chini. Wasomali wengine walikuwa wameanza kuhamia huko Februari 2001, kwanza kutoka Portland ambako nyumba zilikuwa haba, kisha kutoka mbali kama Clarkston, karibu na Atlanta, kwenye joto. Walituma wazee kukagua kwanza. Wakauliza kodi, shule, usalama wa watoto mitaani. Wabantu wakafuata miaka michache baadaye.

Si ndivyo tunavyofanya hapa? Kabla hujamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita, unamtuma mtu akuulizie: maji yanatoka? Mvua ikinyesha panajaa? Majirani wakoje?

Lakini tusidanganyane, baridi nayo ina bei. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na mafuta hayo ni pesa. Ongeza makoti na viatu vya familia nzima. Kodi ya chini peke yake si hesabu kamili.

Wala si wote waliowapokea kwa furaha. Oktoba 2002 meya wa mji, Laurier Raymond, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua akiwataka wapunguze kasi ya watu wao kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kikaitisha mkutano mjini. Walijitokeza wachache tu, huku maelfu wakikusanyika siku hiyo hiyo kuwaunga mkono wageni. Wasomali na Wabantu hawakuondoka.

Mimi nikiitazama historia hii naona jambo moja. Njaa iliwatoa Uzigua, wafanyabiashara ya utumwa wakawapeleka Somalia, vita ikawatoa Juba, mashirika yakawapangia miji. Kwa karibu miaka 170 mahali pa kuishi waliamuliwa na wengine. Walipopata nafasi ya kujichagulia walipiga hesabu nzima, wakachagua penye ndugu, shule na kodi wanayoiweza. Baridi waliiona, wakaiweka kwenye hesabu pamoja na mengine.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kijiweni, hili la Mwafrika na barafu tuliache. Mshikaji mwenyewe bado hajaamua. Ila kabla hatujaagana alimwandikia ndugu yake wa kwenye theluji: amtumie ankara yake ya kupasha nyumba joto, ya mwezi wa Januari.

Wewe ungechagua wapi?