Uigaji wa galaksi kwa kompyuta

Uigaji wa galaksi kwa kompyuta ni tawi la astronomia linalotumia hesabu za mvutano na mwendo wa gesi ili kuona jinsi galaksi zinavyozaliwa, kukua na kugongana. Galaksi hubadilika kwa mamilioni ya miaka, na darubini hupata picha moja tu iliyosimama. Kompyuta huuendesha muda.

Chanzo

Mwaka 1941, Erik Holmberg wa Uswidi aliziiga galaksi mbili kwa balbu 74, kwa kuwa mwanga hupungua kwa umbali kwa kanuni ileile ya mvutano. Ndugu Alar na Juri Toomre walitumia kompyuta mwaka 1972 kueleza mikia mirefu ya galaksi zilizopitiana karibu.

Ukoo wa Simba

Uigaji uitwao Mufasa na Simba umetoka kwa kundi la Romeel Davé, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kisha Edinburgh. Wa kwanza, Mufasa (2016), uliendeshwa Western Cape kwenye kompyuta iitwayo Pumbaa, jina lisilostahili mashine iliyofanya kazi kubwa hivyo. Mufasa ulikuwa na kasoro: ili galaksi kubwa ziache kuzaa nyota, gesi inayozizunguka ilipashwa joto kwa amri tu. Mrithi wake, Simba (2019), uliiachia kazi hiyo mashimo meusi, ambayo hula gesi na kurusha nyingine nje kwa kasi kubwa. Toleo lake kuu ni mchemraba wenye chembe zaidi ya bilioni mbili, nusu gesi, nusu mata ya giza. Mradi wa CAMELS nao hutumia kanuni za Simba kufunzia akili bandia.

Yanayoonekana Funzi

Kisiwani Funzi, Msambweni, usiku wa giza wa Desemba, karibu na saa sita, Wingu Kubwa la Magellan huonekana kusini kama kiwingu kisichopeperushwa na upepo. Ni galaksi ndogo, umbali wa miaka nuru 160,000 hivi. Uigaji umesaidia kueleza mkondo mrefu wa gesi unaoifuata, usioonekana kwa macho.

Hali ya sasa

Uigaji hulinganishwa na yanayoonekana kwa darubini, na Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini za redio wa SKA. Matokeo ya Simba hupakuliwa bure.