Sarafu ya Mobutu: Sehemu ya 3

Tuliachana wapi wiki iliyopita, msomaji wangu? Pale Chilinde, Lilongwe, ndani ya chumba cha mlango wa bati. Mahari yapo mezani, na dada yetu hajasema ndiyo wala hapana.

Shika moyo. Leo anafungua mdomo, lakini si kwa neno unalolingoja.

Pedeje alikuja na mizani. Hakutaka kuhesabu kwacha. Alitaka dada aone dhahabu ikipimwa. Kule Kamituga, Kivu Kusini, mwenye shimo huitwa pedeje, na jina hilo lilimfuata hadi Malawi ingawa shimo lilibaki Kongo.

Dada anaijua dhahabu. Ametwanga mawe yake tangu usichana, kinu cha chuma, mchi wa chuma, vumbi hadi kwenye kope. Mawe hayo aliletewa na wanaume wawili.

Pedeje alilipa taslimu. Wa pili alikuwa na tochi kichwani na sarafu moja kuukuu ya Zaire, yenye sura ya Mobutu. Ndiyo iliyokuwa jiwe lake la mizani. Aliichonga ukingoni, wanunuzi wajanja wasije wakambadilishia.

Moyo wa dada ulikwenda kwa nani? Nawe unauliza!

Ikaja tarehe 11 Septemba 2020. Mvua kubwa. Pale Kamituga, kwenye machimbo yanayoitwa Detroit, maji yakaingia mashimoni na udongo ukaporomoka. Watu zaidi ya 50 walihofiwa kufia chini.

Mwenye Tochi alikuwa chini. Sarafu ilikuwa mfukoni mwake. Dada mwenyewe ndiye aliyeitia humo asubuhi ile. Likumbuke hilo. Nakuomba sana, likumbuke.

Alilia, akafunga mzigo. Uvira, Ziwa Tanganyika, Kigoma, Mbeya, Karonga, hadi Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi mwaka 1994. Riziki ikamleta Chilinde. Machi 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi wa mijini warudi kambini, yeye akajificha.

Na kodi ya chumba anamlipia nani?

Pedeje.

Haya, turudi mezani.

Dhahabu ikamwagwa upande mmoja wa mizani. Mzigo wa mahari haupimwi kwa njiti za kiberiti, kama vumbi la siku moja. Pedeje akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu cha mviringo, akakiweka upande wa pili.

Ting!

Mobutu akamtazama dada. Ukingo umechongwa.

"Pedeje," sauti ilitoka kama si yake, "hii umeitoa wapi?"

"Hii?" Pedeje hakuinua hata kichwa. "Niliinunua juzi, sokoni Dzaleka. Kwa mutu mumoja wa mkongojo. Njaa ilimushika."

Juzi!

Umeisikia? Dada aliisikia. Akashika ukingo wa meza.

Ndipo Pedeje akainua macho. Akamtazama dada, akaitazama sarafu, akamtazama tena dada. Uso wake ukabadilika taratibu, kama maji ya mto mvua inaponyesha mlimani.

Hakusema neno. Aliiokota sarafu, akaiacha dhahabu yote palepale mezani, akatoka.

Kufuli likalia. Kwa nje.

Dada alipoufikia mlango, injini ya gari ilikuwa imekwisha kuwaka. Kutoka hapo hadi Dzaleka ni kilomita zipatazo 50, na aliyetangulia si yeye.

Itaendelea Jumamosi ijayo.