Tangu tshukudu mpaka trisikle: magurudumu matatu yanapotafuta mbio

Siku moja nilikuwa ninarudi Butembo kutoka Beni, nimepanda nyuma ya pikipiki, kinasa sauti changu kikiwa mfukoni. Katika kona ya mteremko wa Kabasha tulikuta watu wamekusanyika. Trisikle ilikuwa imelala ubavu kando ya barabara. Haikubeba mbao wala simenti. Ilikuwa ile ya kupeleka watu kwenye arusi: viti vya sponji, turubai safi, redio kubwa. Mama mmoja alikuwa amevunjika mkono. Kijana mwenye kuiendesha alirudia neno moja tu: «Sikuwa mbio sana.»

Nilimwamini. Pikipiki yetu ilikuwa imepita kona kama hiyo mbio zaidi, na hatukuona shida. Tangu siku ile nilitaka kujua kwa nini chombo chenye starehe namna hii kinamgeuka mwenyewe, na wapi vijana wetu wa magaraje wanapaswa kugusa wakitaka kiwe chepesi barabarani. Jibu nilianza kulitafuta hapa kwetu, kwenye mti.

Tshukudu ilizaliwa Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Ni mbao, magurudumu mawili yaliyovalishwa mpira wa gari, na hakuna mashini. Wale wanaoteremka kutoka Kibumba kwenda Goma na mzigo wa viazi au makaa wanaenda mbio ya kutisha. Mji wa Goma uliwaheshimu mwaka 2009 kwa kusimamisha sanamu ya tshukudu yenye rangi ya dhahabu. Lakini siri yao ni nini? Kona ikifika, mtu na tshukudu yake wanainama pamoja upande wa ndani. Kinga inafanya hivyo, na pikipiki vilevile. Chombo cha magurudumu mawili kinashinda kona kwa kuinama.

Trisikle haiinami. Yenyewe ilitoka katika ukoo mwingine. Mwaka 1948, Italia ikiwa bado inajenga upya kisha vita, kampuni ya Piaggio ilitoa gari dogo la magurudumu matatu lililoitwa Ape, maana yake nyuki. Aliyelichora ni Corradino D'Ascanio, injinia wa ndege na helikopta. Watu hawakuwa na pesa ya kununua lori, basi akawapa chombo cha kubeba mzigo kwa bei ndogo. Kutoka Italia wazo lilifika India, kampuni ya Bajaj ikalichukua, na leo ndugu zetu wa Tanzania wanasema «bajaji» kana kwamba ni neno la bibi zao. Trisikle nyingi za kwetu zinatengenezwa China. Zilifuata njia ya wafanyabiashara wa Butembo, wale wanaonunua Guangzhou na kuingiza mali kupitia Mombasa na Kasindi.

Katika ukoo huo wote, mbio haikuwa lengo. Lengo lilikuwa mzigo.

Sasa chora pembetatu chini kwa kijiti. Weka gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Uzito wote wa chombo unapaswa kubaki ndani ya mistari hiyo. Ukikata kona, uzito unasukumwa upande wa nje. Ukikanyaga freni wakati huohuo, unasukumwa pia mbele. Yaani unakimbilia pembeni kwa mbele, mahali ambapo hakuna gurudumu la kuupokea. Kijana wa Kabasha alikuwa mteremkoni, katika kona, na mguu kwenye freni. Hakuhitaji mbio kubwa.

Wenzetu wa mbali walilipa somo hili kabla yetu. Kuanzia mwaka 1970 Honda iliuza pikipiki nene za magurudumu matatu za kucheza mashambani na kwenye mchanga. Vijana wa Marekani walizipenda sana, na zilipinduka sana, zikaumiza na kuua watoto wengi. Mwisho wa mwaka 1987 serikali ya Marekani na watengenezaji walipatana kuacha kuziuza kule.

Waliofaulu walifanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza waligeuza pembetatu. Mwingereza H.F.S. Morgan, tangu mwaka 1909, aliweka magurudumu mawili mbele na moja nyuma, akaketisha watu karibu na ardhi. Magari yake yalishinda mashindano. Wa pili walifundisha chombo kuinama: mwaka 2006 Piaggio ilitoa MP3, ambayo magurudumu yake mawili ya mbele yanalala pamoja na mwendeshaji kama pikipiki ya kawaida.

Kampuni ya BRP ya Kanada ilichukua njia ya Morgan. Mwaka 2007 ilionyesha Can-Am Spyder, na baadaye ikaongeza RT, ya safari ndefu: kiti kinene, masanduku ya mizigo, kioo cha kukinga upepo. Ni starehe kabisa. Lakini wenyewe walilalamika kwamba katika kona inalala upande wa nje na kumsukuma mtu kutoka kitini. Walifanya nini? Wengi hawakugusa mashini. Walikaza resori za mbele. Walibadilisha chuma kile kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kuume, wakaweka kigumu zaidi, ili upande mmoja usizame peke yake. Walisogeza gidoni na pa kuweka miguu, mwili upate kushika chombo vizuri. Kampuni yenyewe ilipotoa F3, mwaka 2014, ilifuata njia hiyo: kiti cha chini, na gidoni na pa kuweka miguu vinavyopimwa kufuatana na urefu wa mtu. Wepesi ulitoka kwenye kiti na resori.

Turudi sasa Butembo. Nimezunguka magaraje kadhaa, na kazi ninayoiona inaenda kinyume. Wanaongeza vyuma vya resori nyuma ili chombo kibebe zaidi, basi sanduku linapanda juu. Wanaweka turubai refu na vyuma vizito. Wanapanga viti juu ya sanduku. Wanakata bomba la moshi ili mlio uwe wa mashindano. Kila kitu kinapandisha uzito, na hakuna kinachopanua pembetatu. Fundi mmoja mzee aliniambia akicheka kwamba sisi tunavalisha ngamia viatu vya mpira halafu tunamwita mwanariadha.

Yeye akiletewa trisikle ya abiria, anaanza na upepo wa magurudumu: ya nyuma yalingane, la mbele lisilegee. Kisha freni zote zishike sawasawa. Kisha anashusha viti karibu na sakafu ya sanduku na kuondoa vyuma vya bure juu. Kisha resori. Mashini anaigusa mwisho, na mara nyingi haigusi. Mwenye chombo anarudi kesho akisema kimekuwa kipya.

Ndugu msomaji, jambo hili si mchezo wa mafundi. Mwezi wa sita mwaka 2021, Kasindi, marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya barabara: kilometa 80 za Kasindi–Beni, na 54 za Beni–Butembo. Miaka mingi matope na mashimo ndiyo yaliyokuwa freni ya trisikle zetu. Pale lami inapofika, freni hiyo inaondoka, na kona zinabaki palepale.

Mama yule wa Kabasha alipona mkono. Aliniambia bado anapanda trisikle kwenda arusini, kwa sababu pikipiki inamchafulia kitenge. Ila sasa, kabla ya kupanda, anatazama kwanza kiti kiko juu namna gani.