Posho: Neno Lililosafiri na Wahamaji

Sisi wanafunzi wa fasihi, tukitaka habari za wafanyakazi wa enzi ya mkoloni, hukimbilia riwaya. Hakuna ubaya. Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi inatuonyesha makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948, na wahakiki wameichambua mpaka basi: matabaka, unyonyaji, mwamko. Katika makala haya lakini nataka tusome neno moja tu, posho, kama tusomavyo matini. Nadai kwamba neno hili limehifadhi historia ya uhamaji na ya chungu ambayo uhakiki wetu umeipita kando.

Neno ni la zamani kuliko mashamba ya mkonge. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo alipewa posho njiani: kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga akanunue chakula mwenyewe vijijini. (Ndicho kibaba kile kile cha haba na haba.) Wapagazi walikaa kwa makambi, watu kadhaa chungu kimoja, na wakipunjwa posho hawakunyamaza. Walitua mizigo wakagoma, ama walitoroka usiku. Posho hapo bado ilikuwa mapatano. Bila mpagazi pembe haziendi, bwana.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliyavunja mapatano hayo. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza, wale wa Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zimeligeuza Kariakoo, wengi wao hawakuomba kazi, walikamatwa. Walilishwa unga wa mahindi, hata waliozoea ndizi au mtama, na mara nyingi pasipo kuni wala muda wa kuupika ukaiva. Maradhi, kuhara damu kukiwa mbele, yaliwaua wengi kuliko risasi.

Halafu mkonge. Nao ni mhamiaji: katika miche 1,000 iliyoagizwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893. Wenyeji wa Tanga, yaani Wabondei, Wazigua na Wasambaa, walikuwa na ardhi yao. Wengi waliona heri kuwauzia mashamba chakula kuliko kukata mkonge. Kwa hiyo wakatafutwa watu wa mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Warundi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Aliyeandikwa alipewa namba, akaitwa manamba. Alipewa pia kipande, nacho kilijaa baada ya siku 30 za kazi.

Hebu tuitazame posho ya manamba kwa makini. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira, na ilihesabiwa kwa tumbo moja. Mke na watoto waliobaki Kasulu walijilisha kwa jembe la mama. Maana yake ni kwamba mwanamke ambaye hajawahi kuuona mkonge alikuwa akiulipia: shamba lake la mihogo ndilo lililomwezesha mwajiri kumlipa mumewe kama mtu asiye na familia.

Na chakula chenyewe? Muha alizoea mihogo, maharage na mawese. Mbena alikuwa na ulezi wake, na ulanzi wa kuteremshia. Kambini wote walipimiwa unga uleule wa mahindi. Siwezi kusema ugali wa sembe umeenea nchini kwa sababu ya posho peke yake, maana kulikuwa na mashine za kusaga, masoko na bei. Ila makambi yalikuwa shule yake mojawapo kubwa, na mwanafunzi hakuchagua somo.

Hapa ndipo wahakiki wetu wa kimapinduzi wananiudhi kidogo. Kwao manamba ni mwanamume na panga lake, basi. Wanawake waliokuwa makambini, wengine wake za watu, wengine wamejiendea zao, walipika pombe na vyakula wakauza. Fedha ya kipande ilipita mikononi mwao. Mapishi yao yaliwapa watu kile ambacho kibaba hakikuwapa: ladha ya kwao na mahali pa kukaa jioni. Tukiwaita vibaraka wa ulevi, kama nilivyowahi kusikia kwenye semina, tunarudia maneno ya meneja wa shamba.

Neno lenyewe limeendelea kuhama. Kenya lipo kwenye mashine ya kusaga, posho mill. Uganda ukiagiza posho na maharage unaletewa ugali sahanini: kipimo cha mwajiri kimegeuka jina la chakula, na ndicho wanachokula watoto wengi wa shule. Huku kwetu Tanzania posho imeacha chungu ikaingia bahasha. Mbunge anayo, mwanasemina anaiulizia kabla ya mada. Mtumishi akisafiri kikazi hulipwa ya kujikimu, nayo huhesabiwa kwa siku, kwa kichwa kimoja.