Chuo Kikuu cha Sussex: kilivyoanza na nani mwenye sauti

Wadau, kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, stori za kusoma majuu zinaanza upya. Leo tukichambue chuo kimoja, Sussex cha Uingereza, ili mtu akikutajia ujue anaongelea nini.

KILIVYOANZA
Miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa na vijana wengi kuliko nafasi za vyuo. Serikali ikajenga vyuo vipya pembeni ya miji. Sussex kilitangulia, kikapewa hati ya kifalme Agosti 1961. Wakafuata York na East Anglia (1963), Essex na Lancaster (1964), kisha Kent na Warwick (1965). Wanafunzi wa kwanza walikuwa kama hamsini tu, wakisomea kwenye nyumba za mjini Brighton huku kampasi ikijengwa Falmer, nje kidogo ya mji. Ramani ilichorwa na Basil Spence: matofali mekundu na matao ya zege.

Kampasi maana yake madarasa, maktaba, hosteli na maduka viko eneo moja. Stesheni ya treni iko jirani kabisa.

NANI ANAENDESHA
Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, ndiye anayeonekana kwenye mahafali. Bosi wa kazi za kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Baraza linasimamia fedha na mali, Seneti inasimamia masomo na mitihani. Wanafunzi nao wana umoja wao. Hapo hapo kampasi kuna taasisi ya masomo ya maendeleo, IDS, iliyoanza 1966. Ina uongozi wake, ila shahada zake zinatolewa na Sussex.

WALIOPITA
Thabo Mbeki, aliyekuja kuwa Rais wa Afrika Kusini, alisoma uchumi hapo. Mwaka 1964, baba yake akiwa hatarini kunyongwa katika kesi ya Rivonia, aliongoza wenzake kuandamana kwa miguu kutoka Brighton mpaka London. Harold Kroto, profesa wa kemia, alipata Nobel 1996.

MKWANJA
Waingereza wenyewe walisoma bila kulipa ada hadi 1998, ilipowekwa pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2012 ikafika 9,000. Mgeni analipa zaidi ya hapo, bado chakula na malazi.

Sasa sikilizeni vizuri: maombi ya shahada ya kwanza yanapitia UCAS, na unajaza mwenyewe kwenye intaneti. Anayeamua ni chuo. Wakala akikwambia "nipe chochote nikushikie nafasi", huyo anataka kula hela ya mzee wako. Ng'ombe wa nyumbani asiuzwe kwa maneno ya kijiweni.

Mwenye nyongeza amwage hapo chini.