Jarida la Vitu Vilivyofutwa

Kati ya 1967 na 1978, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta sehemu nyingi za tamthilia yake lenyewe, Doctor Who. Hapakuwa na moto wala vita. Mafundi walichukua kanda, wakazifuta ili zirekodiwe kitu kingine. Idara iliyouza vipindi nje ya nchi nayo iliteketeza nakala zake za filamu pale haki za kuuza zilipokwisha.

Ungewauliza wakati ule, wangekupa sababu za kueleweka. Kanda zilikuwa ghali. Mikataba na chama cha waigizaji iliweka ukomo wa kurudia vipindi. Televisheni ya rangi ilikuwa imeingia, na nani angenunua tena picha nyeusi na nyeupe? Isitoshe, hii ilikuwa hadithi ya Jumamosi jioni, iliyoanza Novemba 1963, kuhusu msafiri anayevuka wakati ndani ya kibanda cha simu cha polisi. Nani huhifadhi kitu kama hicho?

Waliokihifadhi ni mashabiki, na jarida lao ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Doctor Who Weekly lilianza Oktoba 1979, likichapwa na tawi la Marvel la Uingereza chini ya mhariri Dez Skinn. Lilikuwa jarida la watoto, la peni 12, lenye vibonzo vilivyochorwa na Dave Gibbons. Mwaka uliofuata likawa la kila mwezi. Wasomaji wake walikua nalo, na maswali yao yakakua pia: nani aliandika sehemu hii, ilirekodiwa lini, imehifadhiwa wapi? Katika toleo maalumu la majira ya baridi la 1981, jarida lilichapa orodha ya sehemu zilizobaki na zilizopotea. Mtoto aliyenunua jarida kwa ajili ya vibonzo akajikuta ameshika ripoti ya nyaraka.

Orodha ile ilibadili namna ya kupenda. Kabla yake, shabiki alikumbuka tu; baada yake, alijua cha kutafuta. Ikaja kudhihirika kwamba baadhi ya watazamaji, wakiwa vijana, walikuwa wameweka maikrofoni mbele ya televisheni na kurekodi sauti. Kwa sababu yao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo hadi leo. Msako ulifika pia katika bara letu, kwa kuwa BBC ilikuwa imeuza nakala za filamu kwa vituo vya televisheni vya nchi kama Kenya, Zambia na Nigeria. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zimepatikana katika stoo ya kituo kimoja huko Jos, Nigeria. Sehemu zilizokosekana zikapungua kutoka 106 hadi 97.

Jarida lenyewe lilipata mtihani wake. Desemba 1989 tamthilia ilitoka hewani, na ukiacha filamu moja ya 1996, haikurudi hadi Machi 2005. Kwa miaka zaidi ya 15 jarida liliendelea kutoka, likiandika juu ya kitu kisichorushwa tena. Likaendeleza visa vipya katika vibonzo, na likachimba ya zamani: tarehe za kurekodi, bajeti, barua za ofisini. Kumbukumbu ambazo shirika halikuzithamini zikawa bidhaa.

Sisemi kwamba lilikuwa takatifu. Ni jarida la biashara, linalochapwa kwa kibali cha BBC hiyo hiyo iliyofuta kanda. Lakini mwanahistoria hachagui watunza kumbukumbu wake. Anawashukuru waliokuwepo.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, Dar es Salaam. Muhula uliopita nilisema kwenye semina kwamba nataka kutumia majarida ya vibonzo ya Sani kama chanzo. Hakuna aliyecheka. Niliulizwa tu kwa upole, "Yako wapi?" Nilikuwa na jibu: kwenye sanduku la babu. Nilipompigia shangazi, akaniambia yaliuzwa zamani kwa muuza karanga, kwa kilo. Yakafungiwa karanga, ukurasa kwa ukurasa, na wateja wakayatupa njiani.

Simlaumu shangazi. Alikuwa na sababu zile zile za BBC: nafasi ni ndogo, karatasi ina bei, na hivi ni vichekesho tu. Nilimwomba anitajie majalada anayoyakumbuka. Alisita, akacheka, kisha akaanza. Alikumbuka matatu. Nimeyaandika kwenye daftari, jalada moja kila mstari, na mbele ya kila moja nimeandika: halijapatikana.