Ukame Uliopita Kabla Hujazaliwa

Si mbali na mji wa Isiolo, kaskazini ya hifadhi ya Lewa, ipo nchi kavu iitwayo Leparua. Wakazi wake ni wafugaji wa makabila kadhaa, Wasamburu na Waturkana wakiwamo, na maisha yao hutegemea mvua mbili za mwaka: ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba. Ukimwuliza mzee wa nchi kama hiyo alizaliwa lini, aghalabu hatakutajia tarehe. Atakutajia ukame, au ugonjwa wa ng'ombe, au vita. Sisi watu wa shule tumezoea kuiona desturi hiyo kuwa ni upungufu wa kalenda. Nakuomba, msomaji, uifikirie upya, maana wataalamu wa afya wa siku hizi nao huuliza swali lile lile: ulipokuwa tumboni mwa mama yako, nchi ilikuwaje?

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ishirini ya mwisho ya karne ya 19 wafugaji wa nyanda hizi walipatwa na msiba ambao Wamaasai huuita Emutai, yaani maangamizi. Kwanza yalikuja maradhi ya mapafu ya ng'ombe. Kisha, mnamo 1890 na 1891, sotoka ikafyeka makundi yaliyosalia. Na mwaka 1892 ndui ikawaingia watu wenyewe, waliokwisha kudhoofishwa na njaa. Wale walionusurika hawakuachwa wapumzike. Kati ya 1911 na 1913 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai wa Laikipia wakapelekwa kusini, ili malisho yao yapewe walowezi. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, ambapo Waborana wengi wa Isiolo walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, kama vile Garba Tula na Merti, na mifugo yao ikaangamia kwa kukosa malisho na kwa risasi. Waborana huuita wakati huo Daba, yaani kuzuiwa. Halafu ukaja ukame wa 1984, na mwingine, na mwingine.

Nimezitaja habari hizi kwa makusudi. Vitabu vingi huandika "njaa iliwapata" kana kwamba njaa ni mvua ya mawe. Mvua ikikosekana, mfugaji huhama. Asipoweza kuhama kwa sababu ya mpaka, au uzio, au amri, hapo ndipo ukame hugeuka kuwa njaa.

Sasa tuje kwenye mwili. Miongo mingi wanasayansi waliamini kwamba mtoto hurithi jeni za wazazi wake tu, na kwamba shida walizozipata wazazi haziachi alama yoyote katika urithi huo. Ni kweli kwamba njaa haibadilishi maandishi ya jeni. Lakini juu ya jeni huwekwa vialama vidogo vya kikemikali, ambavyo kazi yake ni kuamua jeni ipi itumike sana na ipi itulie. Mfano wake ni kitabu kimoja kilichosomwa na watu wawili, kila mmoja akiwa ametia vipande vya karatasi katika kurasa anazozitaka. Maneno ni yale yale, ila usomaji ni tofauti. Vialama hivyo huwekwa kwa wingi mtoto angali tumboni, na chakula cha mama, kazi yake na dhiki yake vyaweza kuvigusa.

Ushahidi uliojulikana kwanza ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kisifike miji ya magharibi ya nchi ile, na watu wakala hata vitunguu vya maua. Watu waliotungwa mimba wakati huo walipimwa baada ya miaka sitini hivi, wakalinganishwa na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakupitia njaa tumboni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba vialama kwenye jeni moja ihusuyo ukuaji vilikuwa pungufu kwa wale wa njaa. Fikiri, msomaji: miaka sitini ya kushiba haikuweza kuifuta miezi michache ya njaa!

Kwa muda mrefu kisa hicho cha Ulaya ndicho kilichosimuliwa peke yake. Lakini ukame mkali wa 2008 na 2009 ulipopita katika nchi ya Wasamburu, jirani za Isiolo, watafiti walikwenda wakawasikiliza akina mama waliokuwa waja wazito wakati ule, kisha wakawapima watoto 213 wa umri wa kati ya miaka miwili na tisa hivi. Walifuata njia ile ile ya kumlinganisha mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa ukame na ndugu yake wa jinsia moja asiyeupitia. Mwaka 2022 walitangaza kwamba waliona tofauti za vialama mahali 16, nyingi zikihusu jinsi mwili utumiavyo chakula na jinsi ujikingavyo na maradhi. Na kimojawapo kilihusiana na uzito wa mtoto. Ndugu wawili, mama mmoja, boma moja. Kilichowatenga ni mvua.

Hapa nakuomba tufanye hesabu, nami naipenda hesabu hii kuliko nyingi zilizomo vitabuni. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote ya uzazi, yaliyoanza kufanyika angali tumboni. Basi mwanamke wa Leparua aliyekuwa na mimba ya binti mwaka 1984 alikuwa amebeba pia yai ambalo baadaye lilikuja kuwa mjukuu wake. Ikiwa binti yule naye alishika mimba mwaka 2009, mjukuu huyo ana ukame mara mbili katika historia yake, na yamkini sasa ni kijana wa shule ya sekondari, au amemaliza juzi tu.

Je, shida ya bibi humdhuru mjukuu kweli? Kwa binadamu ushahidi wa vizazi vitatu ungali mchache, na ni vigumu kuutenga na umaskini ambao nao hurithiwa. Kwa nyani uko wazi zaidi. Huko Amboseli nyani wamefuatwa mmoja mmoja tangu 1971, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba watoto wa majike yaliyopata taabu utotoni, kama kufiwa na mama mapema, hufa upesi kuliko wenzao, hata kama watoto hao wenyewe hawakupata taabu ile.

Wako wanaosema kwamba mwili ulioandaliwa kwa njaa huugua ukikutana na shibe, na kwamba ndiyo sababu mfugaji akihamia mjini hupata kisukari na shinikizo la damu. Ni wazo zuri, lakini wazo zuri hupaswa kupimwa. Waturkana 1,226 walipochunguzwa, matokeo yakatolewa mwaka 2020, walioishi kwa ufugaji walionekana kuwa na afya njema ya moyo, na waliohamia mijini walikuwa na hali mbaya zaidi. Hata hivyo watoto wa malisho hawakuumia mjini kuliko wengine. Waliozaliwa penye msongamano wa watu ndio waliokuwa na afya dhaifu zaidi ukubwani, na maisha ya mjini yaliongeza mzigo juu ya mzigo. Maandalizi ya tumboni, basi, hayaelezi kila kitu.

Jambo jingine: vialama hivi si hukumu. Vingine hubadilika katika maisha, na mtoto aliyezaliwa mwepesi aweza kukua vema akipata maziwa, chanjo na maji safi. Wala si haki kumlaumu mama. Wakati wa ukame mwanamke wa malishoni hutembea mbali zaidi kutafuta maji, na mara nyingi hula baada ya wengine kula. Anayetaka kujua kwa nini mtoto alizaliwa na uzito mdogo na aulize kwanza kisima kilikuwa umbali gani, na nani aliyebeba ndoo.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini Kenya. Watoto waliokuwa matumboni wakati huo sasa ni wadogo. Wa kwanza wao wamekwisha kufikia umri wa kuingia darasani, wamekaa na wadogo zao waliozaliwa baada ya mvua kurudi, na kwa macho hutaweza kuwatenganisha.